Masika Si Msimu wa Usasi

Masika yanapotua Unguja, mkulima hushika jembe kwa matumaini na mvuvi hufunga chombo chake akangoja bahari itulie. Liko kundi la tatu la wananchi ambalo husemwa kwa nadra katika safu za magazeti, nalo ni wasasi wa vijijini. Kwa baadhi yao mvua ni mwaliko. Majani makavu ambayo wakati wa kiangazi hulia chini ya mguu wa mtu huwa yamelainika, nyayo za mnyama huonekana wazi katika udongo ulioloa, na watu wengine wamejikunyata majumbani mwao. Msasi hujiambia kuwa msitu wote ni wake peke yake, na kwamba siku kama hiyo ndiyo siku ya kutoka na gobore lake.

Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba masika hayafai kuwa msimu wa usasi wa paa katika visiwa vyetu. Sababu zake zimo katika silaha yenyewe, zimo katika mnyama anayesakwa, zimo katika mafundisho ya dini yetu, na zimo katika hesabu ambayo Serikali na wanakijiji wanapaswa kuitunza kwa pamoja. Jambo hili ni la maslahi ya wasasi kabla ya kuwa la maslahi ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa msitu usio na paa hauna msasi.

Baruti na maji

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo. Msasi humimina baruti ndani ya mtutu, akatia kizibo cha kitu cha nyuzinyuzi kama makumbi au kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akafuatisha marisaa au kipande cha risasi, akatia kizibo cha pili, kisha akaweka fataki juu ya kifa. Nyundo inapoiangukia fataki, cheche hupita katika tundu jembamba na kuifikia baruti. Kabla ya fataki ilikuwako bunduki ya gumegume, ambayo cheche zake hutoka kwa jiwe kugonga chuma, na baruti yake ya kuwashia hukaa nje, katika kisahani kidogo. Fataki ilipoenea katika karne ya 19, udhaifu wa gumegume mbele ya mvua ulipungua, lakini haukwisha.

Silaha za namna hii zina historia ndefu katika pwani yetu. Katika karne ya 19 ziliingizwa kwa maelfu, na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wale wa mji wa Salem, walikuwa miongoni mwa walioziuza pamoja na baruti na nguo ya merikani. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani, uliotiwa saini 1833, uliweka sharti kuwa bunduki na baruti zitakazoletwa katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa Serikali tu. Baadaye mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na kwa baruti ya kawaida. Si ajabu basi kwamba gobore liliishi muda mrefu mikononi mwa wanavijiji, na kwamba mafundi wa chuma walijifunza kulitengeneza na kulikarabati.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti cha manjano, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10. Mchanganyiko huo ukipata maji hauwaki, na ukipata unyevunyevu huwaka kwa uvivu. Hata masizi yanayobaki mtutuni baada ya bunduki kulia huvuta maji kutoka hewani na kuanza kuila chuma. Ndiyo maana msasi mzoefu hubeba baruti yake katika chombo kilichozibwa vizuri, akaziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta, akapaka nta au shahamu kuzunguka kifa, na kuifunika sehemu ya mtambo kwa kipande cha ngozi. Hizo ni hadhari za mtu mwenye akili. Hata hivyo kila mwenye gobore anajua kwamba katika mvua ya siku nzima hadhari hizo huchelewesha maji tu, wala haziyazuii.

Kutolia kwa bunduki kungekuwa hasara ndogo laiti mambo yangekoma hapo. Hatari kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni moto wa kuchelewa. Fataki hulia, baruti iliyopata unyevunyevu ikakaa kimya, msasi akashusha mtutu akidhani silaha imekufa, kisha mlio ukaja baada ya kitambo kidogo, mtutu ukiwa umeelekea kwa mwenzake au kwenye mguu wake mwenyewe. Ya pili ni kushindilia mara mbili. Msasi ambaye silaha yake haikulia, naye ana haraka na mikono imelowa, husahau kwamba shehena ya kwanza imo ndani bado, akatia ya pili juu yake. Siku ile ya pili ikilia, mtutu mzee hupasuka. Katika msitu mzito, wasasi wakiwa wametawanyika na kila mmoja hamwoni mwenziwe kwa ajili ya mvua, makosa ya namna hiyo huleta misiba, na msiba wa msituni huwa mbali na hospitali.

Upinde nao haumkatalii maji

Wako wanaosema kwamba kama gobore ni adui wa maji, basi na turudi kwenye upinde, ambao hauna baruti ya kuloa. Wasasi wa Unguja wamejulikana zaidi kwa nyavu, mbwa, mikuki na magobore. Ufundi mkubwa wa upinde katika upwa wetu uko kwa jamaa zetu wa Kenya, kama vile Waboni wa misitu ya Lamu, wanaojiita Aweer, na Wasanye, ambao huitwa pia Waata. Watu hao wamerithi elimu ya upinde, wano, manyoya na sumu, na hapana shaka wanaijua mvua kuliko mwandishi yeyote wa gazeti.

Elimu hiyo hiyo ndiyo inayotufundisha kuwa upinde nao una mipaka yake. Upote uliosokotwa kwa kano za mnyama hulegea unapoloa, na mshale ukatoka bila nguvu yake. Manyoya yaliyo nyuma ya wano hujikunja na kushikana, na mshale ukaenda upande. Sumu ya mishale inayopikwa kutokana na mti wa msunguti huyeyuka katika maji, na ndiyo maana wenye ufundi huizungushia ngozi laini mpaka wakati wa kutumia, ili isikauke kwa jua wala isioshwe na mvua. Mshale uliooshwa sumu humtia mnyama jeraha, naye akaenda nalo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwamba marufuku hiyo iliwagusa kwa ukali watu ambao maisha yao yote yalikuwa katika msitu. Tunataja hilo ili wenye dhamana wakumbuke kuwa sheria ya wanyama huangukia migongo ya watu, na kwa hiyo hutakiwa kuandikwa kwa insafu na kwa kuwashirikisha hao hao watakaoitii.

Mnyama anayekwenda na jeraha

Tatizo kubwa la usasi wa mvua liko baada ya mlio. Paa aliyepigwa vibaya haanguki papo hapo. Hukimbia, na msasi hufuata damu. Wakati wa kiangazi tone moja juu ya jani linaweza kuonekana na kumwongoza mtu mpaka kwenye kichaka alichojificha mnyama. Mvua ikinyesha, alama hiyo huoshwa kwa muda mfupi. Harufu ambayo mbwa wangeifuata huzimwa na manyunyu mazito. Msasi huzunguka, hukata tamaa, hurudi nyumbani mikono mitupu, na mnyama hufa peke yake mahali ambapo hatafaidiwa na mtu.

Ardhi yetu inalizidisha tatizo hili. Misitu mingi iliyobaki Unguja, upande wa kusini na mashariki, imesimama juu ya mawe ya matumbawe. Ni ardhi iliyojaa nyufa, mashimo na mapango, yenye vichaka vilivyosongamana na miamba mikali inayoteleza inapoloa. Mnyama aliyejeruhiwa akiingia katika ufa wa namna hiyo hapatikani. Paa mmoja anayefikishwa nyumbani huenda ameacha nyuma yake mwingine aliyepotea, naye huyo wa pili hakuandikwa katika daftari lolote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama iko mali inayolistahiki neno hilo kuliko mnyama wa msituni.

Paa nunga si paa tu

Unguja ina wanyama watatu wadogo wa jamii ya paa. Yuko paa wa kawaida, mdogo na mwepesi, yuko chesi, na yuko paa nunga. Huyu wa mwisho ana rangi nyekundu ya hudhurungi, shungi jekundu juu ya kichwa, madoa meupe miguuni na mkanda mweupe unaopita nyuma ya mapaja. Wataalamu wamempa jina la Aders, daktari aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika Serikali ya kikoloni hapa Zanzibar, na maelezo ya kwanza ya kisayansi juu yake yalichapishwa 1918. Hula majani, maua na matunda yaliyoanguka, na mara nyingi hupita chini ya miti wanayokula kima ili aokote wanayoyadondosha. Kama walivyo paa wa jamii yake, huzaa mtoto mmoja kwa uzazi mmoja. Kwa hiyo pengo linaloachwa na jike mmoja aliyeuawa haliwezi kuzibwa haraka.

Hesabu zake zinatisha. Makadirio yaliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalimweka paa nunga wa Unguja katika idadi ya 5,000 hivi. Makadirio ya 1999 yalimpata katika idadi inayozidi kidogo 600. Katika muda usiotimia miaka 20, kwa kila wanane waliokuwapo hakubaki hata mmoja na nusu. Sababu zilikuwa mbili, nazo zilisaidiana: msitu ulikatwa kwa kuni, makaa na mashamba, na mnyama akasakwa kupita kiasi katika kile kilichobaki.

Hatua zilichukuliwa, na ni haki kuzitaja. Sheria ya misitu ya 1996 ilifungua mlango wa mikataba ya usimamizi wa misitu kati ya Serikali na jamii za vijiji. Jozani na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Baadhi ya paa nunga walihamishiwa Chumbe na Mnemba ili pawe na akiba mbali na nyavu na mbwa. Misitu ya Kiwengwa na Pongwe, Mtende, Muyuni na Jambiani nayo ikaingia katika mazungumzo ya hifadhi na wanavijiji.

Habari njema nyingine ilitoka Kenya. Kamera zilizotegwa katika misitu ya Boni na Dodori zilionesha kwamba paa nunga yuko huko kwa wingi ambao haukutazamiwa, na daraja lake la hatari katika orodha ya kimataifa likapunguzwa. Wapo watakaosema basi hofu imekwisha. Hoja hiyo haiwafai watu wa visiwa. Paa wa Boni hawezi kuogelea mpaka Unguja, na mtoto wa skuli ya Muyuni hatafaidika chochote kwa kuambiwa kuwa mnyama wa kwao yuko Lamu. Tunaye mfano wetu wa chui. Chui wa Unguja alihesabiwa adui wa mifugo na chombo cha wachawi, akasakwa kwa kampeni baada ya 1964, na leo anahesabiwa kuwa ametoweka. Waliomsaka hawakuamini kuwa chui angeweza kwisha.

Dini inasemaje

Wengi wetu tulipitia chuoni kabla ya kuingia skuli, na hapa pana elimu ambayo yafaa irudishwe katika mazungumzo ya usasi. Dini ya Kiislamu haikuharamisha usasi. Imeuhalalisha na ikauwekea adabu zake. Sura ya Al-Maida inaruhusu kuliwa kile alichokamata mbwa aliyefundishwa, kwa sharti kwamba jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Sura hiyo hiyo inasema kuwa waumini watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu na mikono yao na mikuki yao. Yaani mnyama kuwa karibu na silaha yako si ruhusa ya kumwua. Huenda ukawa ndio mtihani wenyewe.

Kisha dini ikaweka msimu na mahali pa kufunga usasi. Mwenye kuhirimia Hija au Umra haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, na akimwua kwa makusudi hulipa fidia ya mfano wa alichokiua kutoka katika mifugo, kwa hukumu ya watu wawili waadilifu. Katika eneo takatifu la Makka mawindo hayaguswi na mtu yeyote, awe amehirimia au hakuhirimia. Anayesema kuwa kufunga msimu au kufunga eneo ni mambo ya wazungu waliotuletea hifadhi, na aifungue upya Sura ya tano.

Lililo karibu zaidi na mada yetu ni mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa sahaba wake Adi bin Hatim, aliyekuwa msasi na aliyeuliza maswali ya msasi. Aliambiwa kwamba mnyama aliyechomwa na ncha ya silaha huliwa, na aliyeuawa kwa kugongwa na ubavu wake haliwi. Aliambiwa pia kwamba mnyama aliyepigwa mshale kisha akakutwa ameanguka katika maji asiliwe, kwa kuwa haijulikani kama aliyemwua ni mshale au ni maji. Msingi wa hukumu hiyo ni yakini. Pasipo na yakini ya namna mnyama alivyokufa, mkono huzuiwa.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika upwa huu, walikuwa wakali vilevile kwa mnyama anayeuawa kwa pigo la kitu kizito kisichochoma. Ndiyo asili ya msasi wa Kiislamu wa kwetu kukimbilia mnyama aliyeanguka ili amkute bado ana uhai na amchinje. Sasa na tumtazame msasi wa masika. Gobore lake limelia kwa uzito, mnyama amekwenda na jeraha, damu imeoshwa, na akimpata baada ya saa nyingi atamkuta ndani ya ufa uliojaa maji. Nyama hiyo ina shaka ndani yake. Mtu anayejali kitoweo cha halali ana sababu ya kutosha ya kukaa nyumbani siku ya mvua, hata kabla hajaulizwa na askari wa misitu.

Mfano wa mbali

Marekani, nchi ile ile ambayo meli zake zilituletea bunduki za kushindilia, bado wako watu wanaowinda kwa gobore na kwa upinde. Windo lao kubwa ni ayala mwenye mkia mweupe, mnyama mwenye pembe za matawi ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Wanapenda silaha hizo za zamani kwa kuwa zinamlazimisha mtu asogee karibu na awe na subira, na Serikali za majimbo zimewatengea misimu yao maalumu. Jimbo la Pennsylvania lilifungua msimu wa bunduki za gumegume mwaka 1974. Wawindaji hao nao hupambana na mvua na theluji, na mafundisho wanayopeana ni yale yale ya nta, mafuta, kitambaa na ngozi, na juu ya hayo yote, kutofyatua pasipo na yakini ya shabaha.

Lakini fundisho kubwa kwetu limo katika hesabu. Kufikia mwaka 1900 ayala huyo alikuwa amesakwa mpaka akabaki kama nusu milioni katika nchi nzima kubwa kama ile. Siku hizi anakadiriwa kufikia milioni 30. Uwindaji haukukoma kabisa katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni kwamba biashara holela ya nyama yake ilizuiwa, misimu ikawekwa, mwindaji akatakiwa awe na leseni, na katika majimbo mengi akatakiwa amfunge mnyama kibandiko na kumwarifu mwenye dhamana kwamba amemwua. Tena tangu sheria ya 1937, kodi inayotozwa juu ya bunduki na risasi, ambayo siku hizi ni asilimia 11 kwa bunduki ndefu, hurudishwa katika kazi ya kuhifadhi wanyama. Mwindaji mwenyewe ndiye mlipaji mkubwa wa hifadhi.

Hatuwezi kuyachukua yote ya kwao. Wao wana nchi isiyokwisha macho. Unguja haifiki kilomita za mraba 1,700, na Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,889,773. Udogo huo ndio unaotulazimisha tuwe makini kuwashinda. Mwenye shamba kubwa anaweza kukosea msimu mmoja na akapona. Mwenye kiunga hana nafasi hiyo.

Yanayotakiwa kufanywa

Kwanza, masika yafungwe. Kufungwa huko kuandikwe waziwazi katika makubaliano ya misitu ya vijiji: palipo na kifungu kifuatwe, na pasipo na kifungu kiandikwe. Jambo hili halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji kikao cha kamati ya shehia, sheha mwenyewe akiwepo, na wasasi wakiwepo kwa majina yao. Tena lina wepesi wake, maana masika yana mwanzo na mwisho unaojulikana na kila mtu, na hapana atakayedai kuwa hakujua kama mvua inanyesha.

Pili, kila paa anayewindwa kwa ruhusa katika miezi iliyo halali aandikwe: mahali, siku, dume au jike, na silaha iliyotumika. Msasi aandike pia mnyama aliyempiga akampoteza. Najua wengi watacheka wakisoma maneno hayo, wakidhani hapana msasi atakayejishitaki. Lakini kama daftari litakuwa mikononi mwa kamati ya kijiji, na kama kuandika hakutaleta adhabu, watu wataandika. Afisa wa misitu anayekaa mjini hawezi kujua kinachopungua Mtende mpaka watu wa Mtende wamwambie.

Tatu, magobore yaandikishwe na yakaguliwe. Silaha ambayo mtutu wake umeliwa na kutu ni hatari kwa mwenye nayo. Ukaguzi ufanywe kwa lugha nzuri, mwananchi aelezwe kasoro ya silaha yake na asipewe sababu ya kuificha darini.

Nne, na hili liwasikilie wote, sheria imfuate mnunuzi. Anayekwenda msituni katika mvua, miguu peku juu ya mawe, mara nyingi ni mtu maskini aliyeagizwa nyama na mtu asiyeloa. Mnunuzi huyo hukaa mjini, huletewa kitoweo chake usiku katika gari, na hajawahi kusimamishwa mbele ya mahkama ya wilaya akielezea kilichomo katika sufuria yake. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuona haki katika utaratibu unaomkamata mwenye wavu na kumwacha mwenye fedha. Maafisa wanaopewa zawadi ya nyama ya paa nao wajiulize imetoka wapi na imewindwa mwezi gani.

Tano, waalimu wa skuli na wa madrasa washirikiane. Mtoto anayefundishwa hadithi ya Adi bin Hatim asubuhi na kufundishwa idadi ya paa nunga mchana atakuwa msasi bora kuliko baba yake, au atakuwa mlinzi bora wa msitu. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Neno hilo kila mtoto wa Unguja analijua, na halihitaji mtaalamu kutoka nje aje kulifasiri.

Kwa wasasi wenyewe tunasema hivi. Kazi yenu ni ya kale na ina heshima yake. Hapana aliyeijua misitu hii kuliko nyinyi, na hapana hifadhi itakayosimama bila ya nyinyi. Mnajua ni pango gani hukaa maji na ni njia gani hupita paa nunga alfajiri. Elimu hiyo ikitumika kuhesabu na kulinda, itadumu muda mrefu kuliko ikitumika kumaliza. Yapo malipo ya kuongoza watafiti na wageni, na yapo malipo ya kulinda mipaka, ambayo Serikali na vijiji wanaweza kuyapanga yawafikie wenye elimu ya msitu kabla hayajamfikia mtu mwingine.

Na kwa wenye dhamana, katika Wizara, katika Wilaya na katika Shehia, tunasema kwamba vikao hivyo vifanywe kiangazi, njia zikiwa zinapitika na watu wakiwa na nafasi. Mkataba ukisubiri mvua ianze ndipo ujadiliwe, tayari magobore yatakuwa yamekwisha kushindiliwa.